Mwalimu Anayependa Vipapatio

Nilipokuwa na miaka ishirini na minne nilijulikana Mgwashi nzima kwa jambo moja, na halikuwa ufundishaji wangu. Nilijulikana kuwa mwalimu mnyenyekevu asiyetaka firigisi. Sifa hiyo niliipokea kwa uso mkunjufu na kuitunza karibu mwaka mzima. Leo naona ni haki nieleze nilivyoipata, maana ndani yake hapakuwa na unyenyekevu hata chembe.

Chanzo chake ni Tanga mjini. Niliitwa huko kwenye semina ya elimu ya watu wazima, ya siku tano, na jioni ya kwanza wenzangu wenyeji wakanipeleka kwa mama mmoja aliyekuwa akichoma vipapatio vya kuku katika mojawapo ya zile barabara zenye namba. Mimi ni mtoto wa milimani. Kwetu, upande wa Mlalo, kuku alichemshwa kwa chumvi, na siku ya sikukuu akachemshwa kwa chumvi na kitunguu. Sikuwa nimewahi kuona kipapatio kilichoiva mpaka ngozi ikakauka na kupasuka pembeni, kikawa chekundu, kikamwagiwa ndimu kikiwa bado kinachuruza mafuta. Pilipili yake haikukurukia mdomoni. Ilingoja umeze kwanza, ndipo ikaja taratibu kutoka nyuma ya ulimi, na ilipofika ulijua imefika. Nilikula vinane. Jioni ya pili nikala kumi, nikitokwa machozi na kamasi mbele ya walimu wenzangu, bila aibu yoyote.

Mtu mwenye akili angeuliza vinatengenezwaje. Mimi nilikuwa na cheti cha ualimu, kwa hiyo nilikula tu. Siku ya mwisho ndipo nilipokumbuka kuuliza, na yule mama, akiwa na wateja sita wamemsimamia, alinijibu bila kuinua kichwa kwamba ni ndimu na pilipili. Nikayaandika maneno hayo mawili kwenye daftari la semina, chini ya maelezo kuhusu kisomo chenye manufaa, nikapanda basi kurudi milimani nikiamini nimebeba ujuzi.

Mgwashi, kijiji nilichopangiwa kufundisha, ilikuwa baridi, ukungu mpaka saa nne asubuhi. Nilipewa nyumba ya mwalimu yenye vyumba viwili, na niliishi peke yangu. Kuku wa kienyeji ana vipapatio viwili tu, hesabu hiyo hata darasa la kwanza wangeipata, na mwalimu kijana hachinji kuku kila jioni ili ale vipapatio viwili. Lakini nilikuwa na njia nyingine. Kazi ya kisomo ilinipeleka nyumba kwa nyumba, kuwashawishi wazee waje darasani jioni, na Wasambaa hawamwachi mwalimu aondoke na njaa. Walichinja. Na kila walipochinja nilipewa paja, na juu ya paja firigisi, kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuwa mwanamume.

Katika nyumba ya tatu au ya nne nilijipa moyo. Mwenye nyumba, mzee wa kanisa, alipoisogeza firigisi upande wangu, nilimwambia kwa heshima kwamba mimi ningeshukuru zaidi kupata kipapatio. Aliuliza kama nina tatizo la tumbo. Nikamwambia hapana, ndivyo nilivyo tu, sipendi makubwa. Hayo ya kutopenda makubwa yalinitoka bila kupangwa, na naapa sikujua yatafika wapi.

Yalifika kanisani. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, mzee yule alisema kwamba kijijini kwetu kuna kijana msomi ambaye mezani huchagua sehemu ya chini kabisa, na kwamba viongozi wengine wangejifunza kwake. Nilikuwa nimeketi benchi la tatu. Niliinamisha kichwa, jambo lililoonekana kama unyenyekevu zaidi. Tangu siku hiyo sikuhitaji tena kuomba. Popote nilipoingia, kuanzia Mgwashi hadi nyumba za wakulima wa chai kuelekea Mponde, sahani iliwekwa mbele yangu ikiwa na vipapatio viwili, na wanaume wakatikisa vichwa kwa kuridhika na kugawana firigisi yangu.

Tatizo likawa ni vipapatio vyenyewe. Vilikuja vimechemshwa, vyeupe, vimelala kwenye mchuzi kama wagonjwa wa homa. Nikaanza kutembea na pilipili kichaa iliyotwangwa, nimeifunga kwenye kipande cha karatasi ya daftari, mfuko wa shati. Kuinyunyiza mbele ya mwenyeji kungekuwa kumwambia chakula chake hakina ladha, kwa hiyo niliinyunyiza wakati wa sala. Sala za Walutheri wa kwetu kabla ya chakula si fupi, na watu hufumba macho kweli. Nilifanya hivyo miezi kadhaa bila kukamatwa, isipokuwa mara moja mzee mmoja alipofumbua macho kabla ya amina na kuniona nimeshikilia karatasi juu ya sahani. Nilimwambia ni dawa. Alinipa pole, na mkewe akaniletea asali.

Basi mwalimu mwenzangu akapata mchumba. Bibi harusi alikuwa binti wa mkulima wa chai, na sherehe ingefanyika kwao. Niliposikia kwamba wangechinja kuku zaidi ya ishirini, niliomba kuingia kwenye kamati. Kila mtu alinisifu kwa moyo wa kujitolea. Nilibeba maji, nilipasua kuni, na Jumamosi alfajiri nikawa nimesimama karibu na meko ambako wanawake kama saba walikuwa wakinyonyoa kuku kwenye maji ya moto.

Mkuu wa wapishi alikuwa mama mkubwa wa bibi harusi, mwanamke mrefu, mjane, ambaye hata wazee waliokuwa wakipanga viti walimsikiliza. Nilimwamkia shikamoo, nikazungukazunguka maneno, kisha nikamweleza kwamba kama haitakuwa usumbufu, ningeomba vipapatio.

"Viwili?" aliuliza.

"Vyote."

Wanawake wakaacha kunyonyoa. Yeye alifuta mikono kwenye kanga, akaniangalia kuanzia viatu mpaka nywele. Kisha akachukua beseni lake la bluu lililokuwa na vitunguu, akavimwaga vitunguu kwenye ungo, akaanza kukata vipapatio kimoja kimoja na kuvitupia ndani. Wengine nao wakamsaidia, kimya. Mimi niliufahamu ukimya ule kuwa ni heshima. Nilishukuru, nikabeba beseni likiwa limejaa karibu mpaka ukingoni, nikateremka nalo nyumbani nikipiga mluzi.

Nilipanga kuvipika Jumapili baada ya ibada, na nilialika watu wawili: mwalimu mkuu wangu, na balozi wetu wa nyumba kumi. Nilitaka waonje maendeleo. Nilikuwa nimeshaandaa viungo. Ndimu hazikupatikana, nikatumia malimau. Pilipili kichaa nilikuwa nayo, na mfanyakazi mmoja wa mashamba ya chai, mtu wa Songea aliyewahi kufanya kazi Kwamkoro, alinipa pilipili manga ya kule, nyeusi, kali, yenye harufu ya kupendeza. Nikazitwanga zote mbili pamoja kwa imani kwamba kizuri kikiongezwa kwenye kizuri mtu hawezi kupata hasara. Nilivipaka vipapatio tangu Jumamosi, nikavilaza usiku kucha kwenye baridi ya jikoni.

Sasa sikiliza nilichosahau. Nilisahau kwamba ncha ya kipapatio ina vinyoya vidogo visivyotoka kwa kunyonyoa, vinavyotaka kubabuliwa kwenye moto. Nilisahau kwamba kuku wa kienyeji aliyetembea milima miaka miwili si sawa na kuku wa mjini, na kwamba ukimweka mbichi juu ya makaa atakuwa mweusi nje na ndani bado atakuwa na damu. Na makaa yangu yalikuwa yamelowa na ukungu, yakagoma kabisa kushika. Nilipuliza mpaka kichwa kikaniuma. Wageni walikuwa wameshaketi. Ndipo nilipochukua mafuta ya taa kutoka kwenye kibatari nikayamwagia makaa, kidogo tu, kisha kidogo tena.

Niliviweka mezani vikiwa vimerundikwa kwenye sinia. Moshi ulikuwa umejaa chumba kizima. Balozi, mtu mpole aliyepigana vita vya Burma akiwa kijana, aliuma kipapatio cha kwanza na kutafuna akiukazia macho ukuta. Akatafuna muda mrefu. Kisha akaomba maji, akanywa kikombe chote, akaniuliza kama naona mvua za vuli zitachelewa. Nikampa maji mengine. Mwalimu mkuu alichomoa unyoya katikati ya meno, akauweka kwa uangalifu ukingoni mwa sahani, akachukua kingine kwa sababu alikuwa mtu wa wajibu. Alipomaliza, macho yakiwa mekundu, alisema chakula hiki kingefaa sana kwa watu wanaosinzia kwenye mikutano ya kijiji. Mimi mwenyewe nilikula vitatu kwa ukaidi. Ladha iliyotangulia ilikuwa mafuta ya taa, kisha malimau, na baada ya hapo sikuweza kutofautisha kitu. Waliniaga mapema, wakinishukuru wote wawili kwa maneno mengi kupita kiasi.

Hata sijaondoa sinia nikasikia hodi. Alikuwa mama mkubwa wa bibi harusi. Nilimwamkia, akaitikia, akasema amefuata beseni lake. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja kwenye sinia, akachukua kipapatio, akakivunja kwenye kiungo na kukinusa.

"Haya ni mafuta ya taa," alisema.

"Kidogo," nikasema.

Alikirudisha. Akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza njia, "Mwalimu, nani alikwambia kipapatio hakina mwenyewe?"

Sikuelewa. Nikamweleza habari za Tanga, za yule mama wa barabarani, nikamweleza pia kwamba mimi ni mtu asiyependa makubwa. Aliningoja nimalize.

"Kuku akiiva," alisema, "firigisi ni ya baba. Mapaja ni ya wageni. Kidari ni cha wazee. Shingo na miguu ni ya watoto. Sisi tuliompika tunakula kipapatio. Ndicho kinachobaki. Sasa wewe ukija unataka kipapatio. Wewe ni mwalimu, niambie, mama wa nyumba anakula nini?"

Nilifikiri. Mbele ya macho yangu zilipita nyumba zote, moja baada ya nyingine, na wanawake waliokuwa wakiweka sahani na kurudi jikoni.

"Mchuzi," nikasema.

"Mchuzi," alikubali, jinsi mwalimu anavyokubali jibu la mwanafunzi mzito. "Na jana, wapishi wote saba, baada ya kukesha mekoni, tumekula ugali wa bada na mchuzi. Unajua wanawake wa hapa wanakuitaje?"

Nilikuwa najua, au nilidhani najua. Nilitaja lile neno la unyenyekevu. Kwa mara ya kwanza nikaona mdomo wake unataka kucheka.

"Mwewe," alisema. "Wakikuona unapandisha njia wanaambizana, ficheni, mwewe anakuja."

Nimewahi kuaibika mara nyingi maishani, na mara nyingine zimetokea mbele ya watu wengi zaidi. Lakini ile ya siku ile, mbele ya mtu mmoja na sinia ya vipapatio vilivyoungua, ndiyo iliyonifanya nitake kuomba uhamisho. Nilianza kuomba radhi. Alinikatiza, akasema radhi haziliki, niwashe moto, na safari hii nitumie kuni.

Vilibaki vingi, maana wageni wangu walijitahidi lakini hawakuwa wendawazimu. Alivikwangua vilivyoungua kwa kisu. Akaviosha kwa maji ya moto mara mbili, mpaka harufu ya mafuta ya taa ikaondoka, au karibu iondoke. Vinyoya alivibabua kimoja kimoja kwenye ndimi za moto, akinipa nusu ya kazi, na vidole vyangu vikababuka pia. Kisha akavichemsha kwenye maji machache yenye chumvi na tangawizi iliyopondwa, taratibu, mpaka nyama ikaanza kuachia mfupa. Akavitoa, akavitandaza juu ya ungo vikauke kabisa. Hapo nikauliza pilipili iko wapi. Akasema mimi ni mtu wa haraka. Alichukua pilipili kichaa tatu tu, na zile pilipili manga za Kwamkoro kiasi cha kujaza kucha, akazitwanga na kitunguu saumu, akachanganya na samli aliyonituma kwa jirani. Akavipaka mwisho, vikiwa vimeshakauka, akavirudisha juu ya makaa ya kuni dakika chache tu, akivigeuza kwa mkono mtupu. Limau akakamua vilipotoka.

Nilimuuliza alijifunza wapi. Akasema jikoni kwake, miaka thelathini. Wanaume walikuwa wakila ndani, nao wanawake nyuma walivichoma vipapatio vyao kwa pilipili, na hakuna aliyewahi kuuliza ile harufu inatoka wapi.

Nilinyoosha mkono kuchukua kimoja. Akanipiga kiganjani, si kwa nguvu.

"Beba," alisema.

Nikabeba beseni lile la bluu, mchana kweupe, Jumapili, watu wakiwa wametoka nje kuota jua, mpaka nyumbani kwa bibi harusi. Yeye alitangulia. Wanawake walikuwa uani wakisugua masufuria ya sherehe. Niliwaamkia waliokuwa wakubwa, nikaweka beseni chini, nikasimama bila kujua mikono niiweke wapi. Walikula. Mmoja wao, mwenye mtoto mgongoni, alisema kitu kwa Kisambaa cha haraka kwa mwenzake, kwamba leo mwewe amerudisha kifaranga, na wote wakacheka mpaka mwingine akapaliwa na pilipili. Mama mkubwa wa bibi harusi hakucheka. Alinionyesha sufuria kubwa kuliko zote, iliyoungulia wali chini, akanipa majivu na kigunzi cha mahindi. Nilisugua mpaka jua lilipokwenda nyuma ya mlima. Kipapatio nilipewa kimoja, mwishoni, na sitasema kilishinda vya Tanga kwa sababu nilikuwa na njaa na mtu mwenye njaa si shahidi. Lakini nilikila pamoja na mifupa midogo.

Desemba shule ilipofungwa nilikwenda kwetu Mlalo nikiwa mtu mpya, jambo ambalo kwangu mimi huwa ni hatari. Njia nzima nilikuwa nikimfikiria mama. Nilikuwa nimekula kwake miaka ishirini na sikuweza kukumbuka hata mara moja nimemwona na kipande cha nyama mkononi. Kwa hiyo siku ya pili nikamwomba kuku mmoja, nikamwambia leo apumzike, napika mimi. Aliketi kwenye kigoda mlangoni mwa jiko, akinitazama kwa wasiwasi jinsi mtu anavyomtazama mgeni anayeshika mtoto wake mchanga.

Nyama nyingine niliichemsha kama kawaida. Vile vipapatio viwili nilivifanyia yote niliyofundishwa, kubabua, kuchemsha, kukausha, samli, pilipili mwishoni. Nikaviweka kwenye sahani nzuri ya wageni, nikapiga magoti na kumkabidhi. Kisha nikatoa hotuba. Nilizungumza juu ya jasho la akina mama. Nilitaja usawa, nikalitaja Azimio, nadhani nilitaja hata mbolea. Nikamwambia kwamba tangu leo kipapatio chake hakitaguswa na mtu.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akala kimoja, polepole, akasema ni kizuri, nimejitahidi. Kisha akaisogeza sahani upande wangu.

"Kula wewe, mwanangu. Mimi kipapatio sikipendi."

Nilimwambia haiwezekani, amekula vipapatio miaka yote.

"Nimekula, ndiyo."

"Sasa unapenda nini, mama?"

Alitazama nje kwanza, kuona kama baba amekwisha kurudi kutoka kwenye mkutano wa chama. Hakuwa amerudi.

"Paja," alisema kwa sauti ndogo. "La mwisho nilikula nikiwa na mimba yako. Bibi yako alinipa kwa siri, akaniambia nisimwambie mtu."

Nilikwenda kwenye sufuria, nikatoa paja, nikamwekea. Hakulikataa. Alianza kulila akiwa amenigeuzia bega, kama anaona haya, kisha akageuka na kula vizuri, akiuvuta mfupa kwa meno. Mimi nilimaliza kipapatio kilichobaki. Chumvi ilikuwa imezidi.

Baba aliingia, akanawa, akaketi. Nikamwekea bakuli. Alikoroga kwa kijiko, akatazama, akakoroga tena mpaka chini.

"Kuku huyu alikuwa na mguu mmoja?" aliuliza.

Nikafungua mdomo nianze hotuba upya. Mama akaniwahi.

"Alikuwa nayo miwili," alisema, na akaendelea kula.

Baba alimtazama. Kisha akaniomba nimsogezee ugali.